Sanduku la Gekara na Mstari wa Chaki

Gekara hakuwa na cheti. Hakuwa na viatu vya Jumapili, wala meza, wala mke, wala jino la mbele upande wa kushoto, ambalo lilibaki Burma na hakupenda kueleza lilitokaje. Nyumbani Kisii hakuwa na shamba ila kipande ambacho kaka zake walishazoea kukilima kama chao. Hakujua kusoma. Hakuwa na haya ya kuomba sukari. Na zaidi ya yote, hakuwa na sauti: siku alipokuja kujaribiwa kwenye kwaya ya kambi ya wafanyakazi wa chai aliimba ubeti mmoja tu, na wanaume wa sauti ya tatu wakaficha nyuso ndani ya vitabu ili wasionekane wakicheka.

Zacheus Omwenga aliyajua yote haya kwa sababu alikuwa ameyahesabu, na aliyahesabu mara nyingi. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya ile na mpigaji wa kinanda cha kanisa. Siku za kazi alikuwa karani wa kupima majani katika shamba moja la chai juu ya Kiptere. Cheti chake cha shule ya usiku kilitundikwa ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mgeni hangeweza kukaa bila kukiona. Alikipata kwa kutembea na taa ya mkono miaka mingi, wenzake wakiwa wamelala, na hakuona sababu ya kukificha.

Gekara alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe Mokeira. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta mashine za kiwandani. Zacheus akimaliza kuhesabu yale ambayo Gekara hakuwa nayo, moyo wake ulitulia kidogo. Kisha, kutoka nyumba ya pili, sauti ile ilianza tena, na utulivu wote ukaisha.

Haikuwa sauti ya mtu, wala ya ndege, wala ya kinanda. Ilianza chini kama fahali anayelalamika zizini, ikapanda bila kukanyaga ngazi yoyote, ikafika juu ikatetemeka, ikashuka. Ilipita kwenye ukuta wa mabati kama ukuta haupo. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo nje walinyamaza ili waisikilize. Zacheus alipokuwa akipiga kinanda, hakuna aliyewahi kuacha kuosha sufuria.

Kilichotoa sauti hiyo kilikuwa sanduku la mbao la kupakia chai, lenye karatasi ya kung'aa ndani yake. Vitani huko Burma Gekara alibeba betri za watu wa redio. Huko aliona kwamba redio nyingine ikiharibika hulia ukipeleka mkono karibu, na hulia zaidi ukiusogeza. Wenzake waliipiga makofi ili inyamaze, lakini yeye alirudi nyumbani akiwa bado anaifikiria. Alikusanya redio zilizokufa, moja kutoka kwa mzungu wa Sotik aliyekuwa akihama, nyingine kutoka sokoni Chepilat ikiwa na panya ndani, akazifungua na kuziunga, akazichoma, akazifungua tena. Hakujua kwa nini kitu fulani kilifanya kazi. Alijua tu kwamba kimefanya, na hapo alicheka na kupiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Sasa sanduku lilikuwa na taa ndogo za kioo za redio, spika moja iliyopasuka, na fimbo ya shaba iliyosimama juu yake. Mpigaji hakushika kitu. Alipeleka mkono kwenye fimbo, sauti ikapanda. Aliuondoa, ikashuka.

"Chombo kisichoshikwa si chombo," Zacheus alimwambia Mokeira. Hakuwahi kukiita kinanda. Alikiita sanduku.

"Basi mbona unasimama dirishani kikilia?" Mokeira akamuuliza.

Zacheus hangeweza kumwambia kwamba kinanda cha kanisa kilikuwa na vibao viwili vilivyokufa kwa unyevu, na kwamba kwa miaka mitatu alikuwa akiviruka kwa ujanja bila mtu kugundua, huku mtu asiyeweza kuimba ubeti mmoja akipata sauti zote, na hata zile zilizo katikati ya vibao, ambazo kinanda hakina.

Jumamosi moja alikwenda dukani kwa Johnson Thuo pale Kiptere. Thuo alikuwa mfanyabiashara kutoka Kiambu, mtu wa maneno, na redio yake ya betri ilikaa juu ya magunia ya chumvi ili wateja wasiondoke haraka. Zacheus alikuwa na kikombe cha chai mkononi mtangazaji wa Nairobi aliposema kwamba kituo kinatafuta watu wa bara waliobuni vyombo vipya vya muziki. Mwenye chombo aandike barua, aeleze kinafanyaje kazi na nani aliyekibuni. Watakaochaguliwa wataitwa Nairobi, chombo kisikike nchi nzima.

Chai ikampalia Zacheus.

"Pole, Karani," Thuo akasema. "Si huyo shemeji yako ndiye wanamtafuta?"

"Yule anapaka mafuta mashine."

"Sasa? Redio imeuliza anapaka nini?"

Watu wakacheka. Zacheus akaweka kikombe chini kabla hajakimaliza, akatembea kurudi kambini. Njiani alijaribu kufikiria mambo mengine, lakini kila alipotazama aliona jambo lile lile: Gekara, na pengo lake, amesimama mbele ya mitambo ya Nairobi, na yeye Zacheus, aliyetunga nyimbo kumi na nne kwa sauti nne, ameketi kwenye magunia ya Thuo akimsikiliza.

Jioni hiyo hiyo Gekara alikuja. Hakubisha hodi, kama kawaida yake.

"Shemeji, niandikie barua."

"Barua gani?"

"Wewe unajua. Thuo ameniambia ulikuwa pale. Amesema hata chai ilikutoka puani."

Mokeira alikuwa akimenya viazi. Aliinamisha kichwa ili asionekane akitabasamu. Zacheus akavuta kiti. Katika kambi nzima barua za maana zilipita mkononi mwake. Akikataa hii, kila mtu angeuliza kwa nini, na wa kwanza kuuliza angekuwa mkewe. Akaona kuna njia nyingine.

"Mimi siandiki kitu ambacho sijakiona kwa macho," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Kulisikia ukutani hakutoshi. Ulete sanduku lako mbele ya watu, nilione likifanya kazi, nisikie watu wanasema nini. Kisha nitaandika, na nitaandika ukweli mtupu."

"Hiyo ni haki kabisa. Wapi?"

"Banda la kupimia majani. Jumatano, saa tisa."

Mokeira akaacha kumenya. "Saa tisa?" akasema. "Na mvua?"

"Mvua ya Kericho inanyesha kila siku. Tukiingoja iishe tutazeeka."

"Mwache, mwache," Gekara akasema. "Saa tisa ni sawa. Ila watu wakae mbali. Nitachora chaki."

Alikuwa akizungumzia jambo ambalo kambi nzima ililijua na Zacheus alilijua vizuri kuliko wote, kwa kuwa alikuwa amesimama dirishani mara nyingi. Sanduku halikutofautisha mkono wa Gekara na mwili wa mtu mwingine. Mtoto akipita karibu, wimbo uliharibika. Mtu aliyelowa maji aliuharibu zaidi. Kwa hiyo Gekara alichora duara kubwa la chaki sakafuni, na aliyelivuka alifukuzwa kwa matusi.

Na banda la kupimia lilikuwa ndilo paa pekee upande ule wa shamba. Kila alasiri mvua ilipoanguka, wachumaji wote walikimbilia humo na vikapu vyao na aproni zinazochuruzika, wakasongamana mpaka mizani isionekane. Zacheus hakuhitaji kugusa waya hata mmoja. Alihitaji saa tu, na alikuwa ameitaja.

Jumatano Gekara alifika mapema. Alikuwa ameazima koti. Akaweka sanduku juu ya meza ya kupangia majani, akaunga betri, akachora duara lake la chaki, pana, mpaka karibu na nguzo. Nyapara alikuwepo, na fundi mmoja wa kiwandani, na Thuo aliyefunga duka ili asikose. Zacheus alisimama kando ya mizani akiwa na kalamu na karatasi.

"Mwalimu, uko tayari?" Gekara akaita. Mbele ya watu alimwita Mwalimu, kama wanakwaya walivyomwita.

"Niko tayari."

Gekara akanyoosha mkono. Sauti ikatoka, ikapanda polepole, na fundi wa kiwandani akavua kofia bila kujua kwamba ameivua. Zacheus akatazama mlimani. Wingu lilikuwa limeshashuka hadi kwenye miti. Aliona wachumaji wakiinua vichwa kati ya mistari ya chai. Tone la kwanza likagonga bati.

Kisha mvua yenyewe ikaja, na wanawake wakaja pamoja nayo, wakipiga kelele na kucheka, vikapu mgongoni, maji yakiwatoka kwenye kofia. Hakuna aliyetazama chini. Chaki ikakanyagwa na miguu ya kwanza, na ile iliyofuata ikaifuta. Sanduku likapiga yowe.

Likawa yowe la kukata masikio, juu kabisa, lisiloshuka. Gekara akarusha mikono. "Nyuma! Rudini nyuma! Mnaniua!"

Zacheus akainamia karatasi yake ili uso wake usionekane. Aliandika: *Chombo kilishindwa.* Aliandika kwa mwandiko mzuri, na alipoweka nukta alijisikia kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Wanawake waliogopa wakarudi nyuma kwa pamoja, na yowe likashuka pamoja nao. Likashuka chini, taratibu, likawa ngurumo laini. Banda likanyamaza. Mvua tu ndiyo iliyosikika juu ya bati, na ile sauti chini yake.

Bilhah Nyambeki alikuwa mchumaji mzee kuliko wote, mwenye ulimi mkali. Alitazama sanduku, akatazama miguu yake, akasogea hatua moja mbele. Sauti ikapanda. Akarudi. Ikashuka.

"Ee!" akasema. "Hii kitu inanijibu! Mume wangu mwenyewe hajanijibu hivi tangu aninunulie shuka!"

Banda zima likaangua kicheko, na kicheko kiliposogeza miili, sanduku nalo likacheka. Wakasikia. Wakanyamaza tena, safari hii kwa mshangao. Nyambeki akasogea mbele, na wa pili akamfuata, na wa tatu.

"Msisukumane," mwanamke mmoja akasema. "Simameni kwa mstari. Nyambeki, wewe ngoja."

Ilikuwa sauti ya Mokeira. Alikuwa ameingia na wachumaji wenzake, ametua kikapu chake na amesimama mbele ya wanawake, akiipa fimbo ya shaba mgongo. Aliinua mkono wa kulia, kiganja juu, vidole viwili vimekunjwa. Zacheus aliujua mkono ule. Alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, jioni nyingi, ili awaongoze akina mama siku ambazo yeye angekuwa na homa. Mkono ulisema: njooni polepole. Mstari wa kwanza ukasogea, hatua moja, mbili, na sauti ikapanda hadi mahali fulani ikatulia. Mkono ukashuka. Mstari ukarudi, mwingine ukaja kutoka pembeni, na sauti ikapinda ikafuata.

Ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto, ule ambao kila mtu wa Kisii amelalia. Wanawake waliucheza kwa miguu, mbele na nyuma, kama wanavyosogea kati ya mistari ya chai, na sanduku likauimba. Mabati yalikuwa yakinguruma kwa mvua, lakini wimbo ulipita juu ya mvua hadi nje kabisa, na watu wa kiwandani wakatoka kutazama. Zacheus alipopiga kinanda siku ya mvua, hata yeye mwenyewe hakujisikia.

Gekara alikuwa amekaa chini. Mikono yake ilikuwa mapajani, na mdomo wazi, pengo lake likionekana lote. "Mbuya mono," alisema kwa Kikwao, yaani vizuri sana, akirudia kama mtu anayeota. "Mbuya mono. Na mimi nilikuwa nawafukuza!"

Zacheus akatazama karatasi yake. Akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na mfukoni akaendelea kuikunja.

Jioni hiyo hakula vizuri. Mokeira aliondoa sahani.

"Kaka yangu anakushukuru," akasema. "Anazunguka kambini akikutaja."

"Ananishukuru kwa nini?"

"Kwa saa tisa. Anasema mtu mwenye elimu ndiye angefikiria hivyo." Akamwaga chai kikombeni. "Mimi nimemwacha akushukuru."

Zacheus akaelewa kwamba alijua, na kwamba hatasema kamwe, na ingekuwa nafuu kama angepiga kelele.

Jumapili baada ya ibada Gekara alikuja kwa ajili ya barua. Safari hii alibisha hodi. Zacheus aliliona hilo, likamuudhi pia. Alikuwa amesafisha meza, ametandika karatasi nzuri, na kalamu ilikuwa na wino mpya. Shule ya usiku ilimfundisha kwamba anwani huandikwa kwanza, pembeni juu, na aliiandika.

"Sasa sema," akasema.

Gekara akasema, na mengi yalikuwa fujo: Burma, panya ndani ya redio, spika, mzungu wa Sotik. Zacheus alipanga. Jinsi alivyochukia alichokuwa akikisikia, ndivyo sentensi zilivyozidi kunyooka, maana hangeweza kuandika vibaya hata kama angetaka. Watu wa Nairobi wangeiona kazi ya mkono wake, na hakuwa tayari wamwone mjinga kwa sababu ya Gekara. Aliandika juu ya sanduku la chai na fimbo ya shaba. Aliandika juu ya mvua. Aliandika jinsi watu wengi walivyoweza kupiga chombo kimoja bila hata mmoja kukigusa, na alipofika hapo alisimamisha kalamu, kwa kuwa aliona kwamba hilo lilikuwa jambo kubwa, na kwamba lilitokea kwa mkono wake na si kwa mkono wake.

"Mahali pa mbuni," Gekara akasema akiinama mezani. "Weka majina mawili."

"Mawili?"

"Lako na langu. Anza na lako, lina sura ya kuandikwa. Mimi nilikuwa na sanduku tu, shemeji. Lakini ile ya wanawake ni yako. Bila saa tisa yako ningekuwa bado nafukuza watu kwa chaki. Twende Nairobi wote. Utawaeleza kwa Kiingereza, mimi nitaunga betri."

Kile Zacheus alichokitamani tangu sauti ile ilipoanza kupita ukutani kilikuwa kimewekwa mezani pake, na aliyekiweka ni mtu asiyekuwa na meza. Angeweza kukichukua. Hakuna mtu angesema kitu, labda hata Mokeira. Jina lake lingesomwa redioni, Thuo angelisikia akiwa kati ya magunia yake, na nchi nzima ingemjua Zacheus Omwenga wa Kericho.

Lakini lingesomwa kwa sababu Gekara alilitoa. Angelipewa kama yeye alivyokuwa akimpa Gekara sukari, kijiko kizima, akimtazama akiondoka. Kila mara sanduku litakapolia Nairobi, Gekara angemgeukia na pengo lake na kumshukuru, na yeye angetakiwa kuitikia. Kama angekuwa amemwibia, angalau kingekuwa chake. Kupewa hakuweza.

Akachovya kalamu. Akaandika, kwa herufi kubwa zilizosimama sawasawa: *Mbuni wa chombo hiki ni Gekara Nyamwange, wa idara ya mashine.* Chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika kwamba barua imeandikwa na karani kwa niaba yake, bila kutaja karani gani.

"Umeweka?" Gekara akauliza. Alikuwa akitazama mistari ile kama mtu anayetazama mvua dirishani.

"Nimeweka kinachotakiwa."

"Yote mawili?"

Zacheus alikuwa ameshaikunja barua. Akaiingiza kwenye bahasha, akalamba gundi, akabana kwa kiganja, akapitisha kucha ya kidole gumba kutoka upande huu hadi ule.

"Bahasha imefungwa," akasema. "Haifunguliwi."

Walitembea pamoja hadi Kiptere, Gekara akizungumza njia nzima juu ya sanduku kubwa zaidi, la watu hamsini, na Zacheus akiwa mbele hatua chache. Sanduku la posta lilikuwa kwenye ukuta wa duka la Thuo. Gekara akanyoosha mkono achukue bahasha aiingize mwenyewe. Zacheus akauondoa mkono ule, akaisukuma barua kwa kidole chake mpaka akasikia imeanguka chini.